Stu Ungar: Fundi wa poka aliyeshindwa kuinuka mezani

Kwanza tuelewane. Nikisema poka hapa simaanishi ile yetu ya mtaani, ya kusema niko kadi halafu kelele zinaanza. Naongelea ile ya Texas. Unapewa karata mbili za siri, tano zinawekwa wazi mezani, na kila hatua unaweza kupandisha dau, hata usukume kila kitu ulicho nacho. Wengi wanaoijua wanakubaliana kwamba hajatokea mtu aliyeicheza kwa ukali kama Stu Ungar.

Alizaliwa Septemba 8, 1953, Manhattan, New York. Babake alikuwa na baa na alipokea dau za michezo humo ndani, kwa hivyo mtoto alikua akiona noti zikihesabiwa kila siku. Babake alifariki Stu akiwa bado barobaro. Akaacha shule. Badala ya kutafuta kazi akaingia kwenye jin rami, mchezo wa karata wa watu wawili, na pesa hizo ndizo zilimlisha mamake na dadake. Wahuni wazito wa New York walimlinda na kumpa mtaji, maana alikuwa kama benki yao. Harry Stein, aliyehesabiwa miongoni mwa mabingwa wa mchezo huo, alikutana naye na akachapwa mara 86 bila kushinda hata moja.

Shida ya kuwa mkali hivyo ni kwamba wateja wanaisha. Alipofika Las Vegas mwishoni mwa miaka ya 1970, hakuna aliyetaka kucheza naye jin rami. Akajaribu blackjack, lakini alikuwa na uwezo wa kukumbuka kila karata iliyopita, na kasino zikamfungia mlango. Ikabaki poka.

Mwaka 1980 akaingia mashindano makubwa ya dunia pale kasino ya Binion's Horseshoe. Walikuwa wachezaji 73, na inasemekana Stu alikuwa karibu mgeni kabisa katika aina ile ya poka isiyo na kikomo cha dau. Mwisho akabaki yeye na Doyle Brunson, bingwa wa 1976 na 1977, mzee ambaye alikuwa ametoka tu kuandika kitabu cha kufundisha watu kucheza kwa fujo. Brunson alikuwa na A na 7, Stu 5 na 4. Mezani zikaja A, 7 na 2, Brunson akawa na jozi mbili. Kisha ikaja 3. Stu akapata mfululizo kuanzia A hadi 5, chipu zote zikaingia katikati, mchezo ukaisha. Mwaka uliofuata akarudi, akashinda tena.

Sasa, sikiza hapa. Watu hufikiri ukali ni wa kutisha wanaoanza. Ni kinyume. Mgeni hatishiki, yeye amekuja kuona karata zako, atalipa tu. Anayetishika ni fundi wa kila siku, kwa sababu anajua hesabu na anajua kutupa karata. Stu alisukuma dau kila mara aliponusa mtu hana uhakika. Mafundi wakatupa, wakatupa tena, na vile vijidau vidogo vya lazima vya kila mzunguko vikageuka mlima mbele yake. Siku wakichoka na kuamua kumlipa, ndipo wanakuta safari hii anazo kweli.

Niliwahi kujaribu hii mambo. Baada ya kuacha chuo nilikesha kwa simu, meza za mtandaoni za pesa taslimu, nikipandisha dau kila mkono kama Stu. Wale wa meza ile walikuwa wale wale kila usiku. Usiku wa tatu walikuwa wameshanisoma: wakiwa na karata nzuri wananyamaza, wananiacha nijichome mwenyewe. Nikiisha naongeza pesa. Nikiisha tena, naongeza. Mathe hadi leo anadhani simu iliibwa.

Hiyo ndiyo tofauti ambayo haionekani kwenye video za Stu. Katika mashindano unalipa kiingilio mara moja. Ukipoteza chipu zote unaenda nyumbani, hata kama hutaki. Kwenye meza ya pesa taslimu hakuna wa kukufukuza mradi mfuko una kitu. Stu alihitaji huo mlango wa kufungwa kwa nguvu. Sifa yake katika meza za pesa haikuwahi kufikia ile ya mashindano, na alichovuna huko kote alikimwaga kwenye mbio za farasi, kandanda ya Marekani na gofu. Gofu, mchezo ambao hata hakuujua! Aliendesha pesa vile alivyoendesha karata, mbele tu.

Kisha kokeni. Mwaka 1989 mwanawe wa kambo alijiua. Mwaka uliofuata Stu alikuwa akiongoza vizuri kwenye mashindano ya dunia, na siku ya tatu akakutwa sakafuni chumbani hotelini, amezidisha dawa. Kiti chake kikabaki kitupu huku dau za lazima zikimla polepole. Bado alimaliza wa tisa. Nafasi ya tisa, bana, bila mtu kitini!

Mwaka 1997 alikuwa amesota kabisa. Rafiki yake Billy Baxter akamlipia kiingilio cha dola 10,000 dakika za mwisho. Alivaa miwani ya mviringo ya rangi ya buluu kuficha pua iliyoharibiwa na kokeni. Meza ya mwisho iliwekwa nje, katika mtaa wa Fremont, na akawazungusha wote hadi akabaki na John Strzemp. A na 4 dhidi ya A na 8, Stu akiwa nyuma, kisha karata ya mwisho ikaja 2 na kumpa mfululizo. Dola milioni 1, nusu ya Baxter. Aliinua picha ya bintiye mbele ya kamera.

Nusu yake ilikwisha miezi michache tu. Mwaka 1998 Baxter akalipa kiingilio tena, lakini Stu hakutoka chumbani. Novemba 22 mwaka huo alikutwa amekufa katika moteli ya bei rahisi palepale Las Vegas, moyo umechoka kwa miaka ya dawa za kulevya. Alikuwa na umri wa miaka 45. Marafiki walichanga pesa za mazishi, na wachangaji wengi ni wale wale aliokuwa akiwala mezani.