Charles Darwin na Visiwa vya Galápagos

Soma kwa makini kifungu cha habari kifuatacho, kisha jibu maswali yanayofuata.

Charles Darwin alizaliwa tarehe 12 Februari 1809 katika mji wa Shrewsbury, Uingereza. Baba yake, aliyekuwa daktari, alimpeleka Edinburgh kusomea udaktari, lakini kijana hakustahimili kuona wagonjwa wakipasuliwa bila dawa ya usingizi. Akaacha. Akapelekwa Cambridge ili baadaye awe kasisi. Huko nako muda wake mwingi uliishia katika kukusanya wadudu.

Mwaka 1831 alialikwa kusafiri katika meli ya utafiti iitwayo Beagle. Baba alikataa, akiona ni kupoteza wakati, hadi mjomba wake Darwin alipomshawishi. Meli iling'oa nanga tarehe 27 Desemba 1831.

Septemba 1835 meli ilifika visiwa vya Galápagos katika Bahari ya Pasifiki, takribani kilomita 1,000 kutoka pwani ya Ekwado. Visiwa hivyo vilitokana na volkano. Darwin alikuta miamba myeusi, kobe wakubwa ajabu na mijusi wanaozamia baharini kula mwani. Ndege hawakumwogopa mtu. Mwewe mmoja alimsukuma tawini kwa mtutu wa bunduki.

Kiongozi mmoja wa visiwani alimweleza kwamba kwa kutazama gamba tu, angeweza kujua kobe ametoka kisiwa gani. Darwin hakulitilia maanani jambo hilo. Kobe waliopakiwa melini waliliwa, magamba yakatupwa baharini. Alikusanya pia ndege wadogo wenye midomo ya maumbo mbalimbali, lakini wengi wao hakuandika walitoka kisiwa kipi.

Uzembe huo ulimgharimu. Mwaka 1837, jijini London, mtaalamu wa ndege John Gould alibaini kuwa ndege wale, ambao Darwin alidhani ni wa jamii tofauti, walikuwa spishi nyingi za jamii moja. Je, kila spishi ilitoka kisiwa gani? Darwin hakuwa na jibu kamili. Ilimbidi aombe kumbukumbu za wenzake wa melini, akiwamo nahodha Robert FitzRoy, walioandika kwa uangalifu zaidi.

Kutokana na ushahidi huo na mwingine, Darwin alifikia hoja kwamba viumbe hubadilika polepole, na kwamba wanaoendana na mazingira yao ndio huishi na kuzaana zaidi. Alijua hoja hiyo ingeleta mtafaruku, hivyo aliendelea kukusanya ushahidi kwa takribani miaka 20. Mwaka 1858 alipata barua ya Alfred Russel Wallace, aliyefikia hoja hiyohiyo. Mwaka uliofuata Darwin alichapisha kitabu chake kuhusu asili ya spishi.

Alifariki tarehe 19 Aprili 1882, akazikwa Westminster Abbey, London. Kijana aliyeonekana hana mbele wala nyuma aliacha jina lisilofutika. Hata hivyo, mtahiniwa akumbuke: macho makali hayatoshi. Unachokiona, kiandike siku hiyohiyo.

Maswali

(a) Kwa nini Darwin aliacha masomo ya udaktari?
(b) Taja makosa mawili aliyofanya Darwin visiwani Galápagos.
(c) Eleza maana ya maneno haya kama yalivyotumika: (i) iling'oa nanga (ii) hakulitilia maanani (iii) hana mbele wala nyuma.
(d) Fupisha aya ya tano kwa maneno yasiyozidi 30.