Daktari Livingstone, Mgonjwa Asiyekata Tamaa

Maji yateremkayo kutoka milima ya Masisi hupita katika misitu ya Walikale, huingia mto Lowa, na mwishowe humwagika katika mto mkubwa wa Lualaba. Mtu akiupanda Lualaba kuelekea kusini hufika Nyangwe, katika nchi ya Manyema. Mwaka 1871 alifika huko mzee mmoja Mzungu, amekonda, meno yake mengi yametoka, na mkono wake wa kushoto hauna nguvu tangu simba alipouvunja mwaka 1844. Huyo ndiye Daktari David Livingstone. Watoto wengi wa shule walijua jina lake. Wachache walijua kwamba alikuwa mgonjwa wa siku zote.

Alizaliwa Uskoti mwaka 1813. Akiwa na miaka 10 alianza kazi katika kiwanda cha pamba, akasoma usiku, hata akawa mganga na mtangazaji wa Injili. Safari yake ya mwisho aliianza Unguja mwaka 1866. Alitafuta chemchemi za mto Nili, na tena alitaka ulimwengu uujue ubaya wa biashara ya watumwa. Mwezi wa Januari 1867 wapagazi waliotoroka walichukua sanduku lake la dawa, pamoja na kinini yote. Tangu hapo mwili wake haukupata nafuu ya kweli. Homa ilirudi mara kwa mara, na kuhara damu hakukumwacha. Mwaka 1869 kichomi kilimlaza, akachukuliwa kwa machela kuelekea Ujiji.

Hapo palikuwa na jaribu kupita maumivu. Aliyemtunza katika ugonjwa huo ni Muhamad Bogharib, mfanyabiashara wa pembe na watumwa. Livingstone aliichukia biashara hiyo. Lakini pasipo msaada wa walioifanya, angalikufa njiani. Alimshukuru mtu kwa wema wake, wala hakuuita ubaya wema.

Mwaka 1870, katika Manyema, wapagazi wake wengi walikataa kwenda mbele. Watatu tu walimfuata: Susi, Chuma na Gardner. Chuma alikuwa amefunguliwa minyororo ya utumwa mwaka 1861, Livingstone akiwapo. Vidonda vikala miguu ya mzee, akarudi Bambarre, akakaa ndani ya nyumba siku 80 bila kuweza kutembea. Alivipaka unga wa jiwe la kijani la shaba. Katika nchi ya Manyema aliisoma Biblia yote mara nne.

Alipopata kusimama, akaenda Nyangwe. Tarehe 15 Julai 1871 watu wa wafanyabiashara waliwapiga risasi wanawake na wanaume sokoni. Mamia waliuawa au kuzama mtoni. Livingstone aliyaona kwa macho yake. Hakutaka tena kusafiri pamoja na watu hao, akarudi Ujiji kwa miguu, naye ni mgonjwa. Huko alikuta mali yake yote imekwisha kuuzwa. Lakini habari za Nyangwe aliziandika, nazo zilipofika Ulaya ziliamsha mioyo ya wengi.

Ndipo Henry Stanley, mwandishi wa gazeti, alipomkuta akiwa maskini kabisa. Walikaa pamoja miezi minne, na Stanley akamstaajabia kwa upole wake. Alimsihi arudi kwao apate matibabu. Livingstone alikataa, kwa kuwa kazi haijaisha. Wakaagana mwezi wa Machi 1872.

Katika jambo moja alikosea: Lualaba si Nili, ni Kongo. Alizitafuta chemchemi katika mabwawa ya Bangweulu, mvua ikinyesha, damu ikimtoka, hata Susi na wenzake wakambeba kwa machela. Mapema mwezi wa Mei 1873, katika kijiji cha Chitambo, walimkuta amepiga magoti kando ya kitanda, amekwisha kufa. Tarehe 5 Juni mwaka huohuo, Sultani wa Unguja alitia sahihi mkataba wa kufunga soko la watumwa.

Rafiki zake wangaliweza kumzika na kwenda zao. Waliuzika moyo wake chini ya mti, wakaukausha mwili kwa chumvi na jua, wakauchukua miezi mingi hata Bagamoyo. Huko, mwezi wa Februari 1874, Mapadre wa Roho Mtakatifu waliupokea katika misheni yao, ingawa marehemu hakuwa Mkatoliki. Tarehe 18 Aprili 1874 ulizikwa London.

Wahenga walisema, akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki. Susi na Chuma hawakuweza kumponya bwana wao, wala hawakumfanya mtoto kwa sababu ya udhaifu wake. Alipotaka kwenda, walimbeba. Katika kila kijiji yupo mgonjwa wa miaka mingi ambaye bado ana kazi anayoipenda. Anayemwonea huruma tu humwacha kitandani. Anayemheshimu humwuliza anataka kufika wapi, kisha hushika mti wa machela.