Ibn Khaldun na Mtoto Mwenye Maswali

Nilipokuwa mdogo chuoni, nilimwuliza mwalimu wangu maana ya aya niliyokwisha kuihifadhi. Nilijibiwa kwa bakora. Tangu siku ile nikawa hodari wa kukariri na mwoga wa kuuliza. Ukubwani, niliposoma maisha ya Ibn Khaldun, ndipo nilipotambua lililonipata.

Mwanachuoni huyu alizaliwa Tunis mwaka 1332. Alihifadhi Kurani, akasoma fikihi na mantiki. Hajatimiza miaka ishirini, tauni iliwachukua wazazi wake na baadhi ya walimu wake. Alitumikia masultani, akaonja na jela. Mwaka 1375 alijitenga katika ngome ya Ibn Salama, Algeria ya leo, na mwaka 1377 akaandika Mukadima yake.

Humo alifunza kupima habari kabla ya kuipokea. Al-Masudi, msafiri yule aliyefika hata pwani hii ya Zanji, aliandika kuwa jeshi la Nabii Musa lilipita watu 600,000. Ibn Khaldun hakumvunjia heshima, alihesabu tu. Toka Yakubu hadi Musa ni vizazi vichache mno kwa watu wote hao. Tena jeshi kubwa namna hiyo, ubavu mmoja usingejua yaliyoupata wa pili.

Kwa jicho hilo hilo aliitazama elimu. Aliona wanafunzi wa Maghribi wakikaa madrasani miaka 16, hali Tunis mitano ilitosha. Kisa chake ni kuhifadhi kwingi na kunyamaza barazani, ilhali elimu hukomaa kwa kujadiliana. Kuhifadhi hakukukataa, maana mwenyewe alikuwa hafidhi. Ila aliona kuwa mtoto alelewaye kwa ukali hujifunza uongo na hila, apate kuepa mkono wa mkubwa.

Mwaka 1384 alifanywa kadhi wa Kimaliki mjini Cairo, na wakati huo huo jamaa zake wakazama baharini wakimfuata. Alifariki huko mwaka 1406.

Juzi, usiku wa kutafuta mwezi, mwanangu aliniuliza kwa nini wengine wauone nasi tusiuone. Nusura nimkemee. Nikaikumbuka bakora ile, nikamwuliza yeye aonaje. Tulichukua chungwa na taa, tukaketi barazani tukijaribu hadi usiku mkubwa. Jibu hatukulimaliza, lakini asubuhi alirudi na swali la pili.