Munganga Becker: kutoka Oicha mupaka Nyankunde

Kwa wazee wa Oicha na Nyankunde, jina la munganga Becker halihitaji maelezo. Lakini vijana wengi wanajua hospitali tu, hawajui ilitoka wapi.

Carl Becker alizaliwa mwaka 1894 huko Pennsylvania, Marekani. Alikuwa munganga katika muji mudogo wa Boyertown, na kazi yake ilimulipa vizuri. Mwaka 1929 aliacha yote, akaja Kongo pamoja na bibi yake Marie, kwa utume wa misheni ya Africa Inland Mission.

Miaka ya 1930 walihamia Oicha, kwenye pori kubwa. Hospitali ilianza na nyumba za udongo na majani. Wagonjwa walikuja kwa miguu: Wambuti wa porini, Wanande, na wengine kutoka mbali. Wenye ukoma, ambao watu wa vijijini waliwafukuza, walipewa mahali pa kukaa na kutibiwa. Miaka ya 1950 walikuwa wamefika maelfu.

Becker hakupasua wagonjwa tu, alifundisha pia. Vijana Wakongomani walijifunza kwake kuchunguza magonjwa, kutoa dawa na kusaidia kwenye operesheni.

Mwaka 1964 waasi Simba walipokaribia, alilazimika kukimbia Oicha. Alikuwa na miaka 70. Wengi walifikiri kazi yake imekwisha.

Lakini alirudi. Vita ilikuwa imeonyesha udhaifu mukubwa: kila misheni ilikuwa na hospitali yake, na pengine munganga mumoja tu. Huyo akikimbia ao akifa, mulango unafungwa. Basi misheni tano za Kiprotestanti ziliunganisha nguvu. Ndivyo Centre Médical Evangélique, CME, ilivyozaliwa Nyankunde, karibu na Bunia. Ilikuwa na hospitali kubwa, shule ya wauguzi, na ndege ndogo za kupeleka wanganga na dawa kwenye hospitali za mbali. Haikuwa mali ya serikali, wala ya misheni moja.

Becker alirudi kwao akiwa muzee sana, akafa mwaka 1990.

Mutihani mukubwa ulikuja yeye hayupo tena. Mwezi wa tisa mwaka 2002, watu wenye silaha walishambulia Nyankunde. Mamia ya raia waliuawa, hata wagonjwa kwenye vitanda. Hospitali iliporwa na kuharibiwa. Waliookoka walitembea siku nyingi porini, wakielekea Beni na Oicha, pale pale Becker alipoanzia.

Hospitali haikufa. Wakongomani waliofundishwa humo waliendelea kutibu watu na kufundisha wauguzi wakiwa ukimbizini, na baadaye Nyankunde ikafunguliwa tena. Munganga Becker alisaidia kuianzisha, lakini walioiinua kutoka kwenye majivu ni wenyeji.