John Snow: Daktari Aliyebisha Hodi

Kabla hujaenda nyanjani kukusanya ngano, methali au nyimbo za jamii yako, soma kwanza maisha ya mtu huyu. Hakuwa mtafiti wa fasihi. Alikuwa daktari wa London, na amekufa zaidi ya miaka 160 iliyopita. Nakuletea habari zake kwa sababu watahiniwa wengi wakiulizwa mbinu za kukusanya data huorodhesha mahojiano, hojaji na kutazama, kisha wanakwama pale wanapotakiwa kueleza mhojiwa ataulizwa nini hasa, na kwa nini hilo wala si jingine.

John Snow alizaliwa mjini York, Uingereza, mwezi Machi 1813, kifungua mimba wa kibarua aliyekuwa na watoto tisa. Akiwa na umri wa miaka 14 alipelekwa Newcastle kujifunza kazi kwa daktari mmoja wa huko. Kipindupindu kilipoingia eneo hilo mwaka 1831, kijana huyu alitumwa kuwahudumia wachimbaji wa makaa ya mawe wa Killingworth. Baadaye alihamia London, akasoma, na mwaka 1844 akapata shahada ya udaktari. Sifa zake za kwanza hazikutokana na kipindupindu bali na dawa za usingizi. Ndiye aliyempa Malkia Victoria klorofomu alipojifungua mwaka 1853, na tena mwaka 1857. Hakuoa, hakunywa pombe, na wala hakuwa msemaji mzuri, maana sauti yake ilikuwa ya kukwaruza.

Sasa tufike penye kiini. Wakati huo madaktari wengi waliamini kuwa kipindupindu huletwa na hewa chafu yenye uvundo. Snow alishuku jambo hilo. Ugonjwa huu huanzia tumboni, si mapafuni. Basi huenda unaingia kwa njia ya kinywa, pamoja na maji. Aliandika kijitabu kuhusu wazo hili mwaka 1849, lakini hakikuwashawishi wengi. Alikuwa na dhana tu, na dhana haitoshi.

Mwishoni mwa Agosti 1854 kipindupindu kililipuka katika mitaa ya Soho, London. Ndani ya siku 10 watu zaidi ya 500 walikuwa wamekufa. Snow alishuku pampu ya maji iliyokuwa katika Mtaa wa Broad. Aliomba orodha ya waliokufa kutoka ofisi ya usajili, akachukua majina 83, akaanza kubisha hodi kwa wafiwa.

Hebu fikiria hali ile. Unaingia nyumba yenye msiba, watu wamelia usiku kucha. Ungeuliza nini? Snow hakuwauliza wanadhani ugonjwa umeletwa na nini. Angeuliza hivyo angejibiwa habari za uvundo na hewa, kwa kuwa hayo ndiyo yaliyokuwa yakisemwa kila mahali. Aliuliza jambo ambalo mtu wa nyumba ile alilijua kuliko yeyote: marehemu alikuwa akinywa maji ya wapi?

Vifo 73 kati ya hivyo vilikuwa vimetokea karibu na pampu ile. Kuhusu watu 61 aliambiwa kuwa waliyanywa maji yake. Kuhusu 6 aliambiwa hawakuyanywa. Kuhusu 6 wengine hakupata habari. Zitazame hesabu hizo kwa makini, kwa maana aliziandika zote, hata zile zisizompendeza. Nimesoma miradi ya wanafunzi ambamo wahojiwa wote 20 wanakubaliana na mtafiti neno kwa neno, na kila ninapoiona najua hakuna aliyetoka nje ya darasa.

Vilibaki vifo 10, vya watu walioishi karibu zaidi na pampu nyingine. Mtafiti mvivu angeviacha. Snow alivifuata hivyo hasa. Familia 5 zilimwambia kuwa huagiza maji ya Mtaa wa Broad siku zote kwa sababu huyapenda zaidi. Wengine 3 walikuwa watoto waliosoma shule iliyokuwa karibu na pampu ile. Mbali kabisa, huko Hampstead, alikufa mjane mmoja ambaye hakuwa amekanyaga Soho kwa miezi kadhaa. Mwanawe ndiye aliyefumbua fumbo: mama aliyapenda maji ya mtaa ule, na kila siku gari lilimpelekea chupa.

Aliwauliza pia walionusurika, na hili wengi hulisahau. Katika nyumba ya kuwatunza maskini iliyokuwa jirani waliishi watu 535, na ni 5 tu waliokufa kwa kipindupindu. Nyumba hiyo ilikuwa na kisima chake. Kwenye kiwanda cha pombe cha mtaa uleule, mwenye kiwanda alimweleza kuwa vibarua wake hupewa pombe ya kunywa, na anaamini hawagusi maji ya pampu hata kidogo. Tarehe 7 Septemba Snow aliwapelekea wakuu wa mtaa ushahidi wake, na siku iliyofuata mkono wa pampu uling'olewa. Usiandike kuwa hapo ndipo ugonjwa ulipokoma. Ulikuwa umeshaanza kupungua, na Snow mwenyewe alikiri hivyo.

Mwaka huohuo alifanya kazi kubwa zaidi kusini mwa mto Thames. Kampuni mbili ziliuza maji katika mitaa ileile: moja iliteka maji machafu katikati ya jiji, na nyingine ilikuwa imehamia juu ya mto kwenye maji safi. Swali lilionekana rahisi: nyumba hii inapata maji ya kampuni gani? Lakini wapangaji wengi hawakujua, kwa kuwa mwenye nyumba ndiye aliyelipa. Swali lilikuwa zuri, ila mhojiwa hakuwa na jibu. Snow hakumlazimisha mtu kukisia. Alichukua maji kidogo katika chupa, akayapima kwa nitrati ya fedha, na kiasi cha chumvi kikamwonyesha yametoka kampuni ipi. Katika majuma saba ya kwanza ya mlipuko, kampuni ya maji machafu ilikuwa na vifo 315 kwa kila nyumba 10,000; ile nyingine ilikuwa na 37.

Kuna mtu mwingine usiyepaswa kumsahau. Kasisi kijana wa Soho, Henry Whitehead, hakukubaliana na Snow, akaamua kumpinga kwa kufanya uchunguzi wake mwenyewe. Aliwajua waumini wake, nao walimfungulia mlango bila wasiwasi. Nyumba nyingine alizirudia mara nne au tano, kwa sababu mtu mwenye huzuni hakumbuki kila kitu siku ya kwanza. Kadiri alivyouliza, ndivyo majibu yalivyomgeukia. Hatimaye aliona katika daftari la vifo kuwa mtoto mchanga wa nyumba namba 40 Mtaa wa Broad alianza kuhara kabla ya mlipuko. Akaenda kwa mama yake, akamuuliza maji ya kufulia nepi alikuwa akiyamwaga wapi. Kwenye shimo la maji taka mbele ya nyumba, akajibiwa. Shimo lilipofukuliwa lilikutwa limebomoka, likivuja, nalo lilikuwa chini ya mita moja kutoka kisima cha pampu.

Snow alifariki tarehe 16 Juni 1858 baada ya kupooza, akiwa na umri wa miaka 45. Madaktari wengi walikuwa bado hawajamwamini. Whitehead aliishi miaka mingi baada yake, na picha ya Snow aliitundika katika chumba chake cha kusomea.