Kiichiro Toyoda, Bwana Aliyechukia Ghala Lililojaa

Kila nipitapo Miritini, mbele kidogo ya Changamwe kwetu, huyatazama malori yanayotoka Kilindini na masanduku ya vyuma kupeleka kiwanda cha AVA, ambako magari ya Toyota huunganishwa. Hapo humkumbuka marehemu Kiichiro Toyoda. Jina la ukoo wake twalipanda kila siku, Likoni na Kisauni, lakini maisha yake wachache wetu wayajua.

Nina sababu ya kumkumbuka. Niliwahi kuwa na duka la vipuri hapa Changamwe, na niliamini kwamba utajiri ni ghala kujaa. Nilinunua vingi nisivyohitaji. Vingine viliota kutu, vingine vilikuwa vya gari zilizokwisha toweka barabarani. Siku mteja alipotaka kifaa cha shilingi chache, sikuwa nacho, wala sikuwa na pesa za kukileta. Duka likafungwa hali limejaa mali.

Kiichiro alizaliwa Japani tarehe 11 Juni, 1894. Baba yake, Sakichi, alikuwa bingwa wa kubuni mitambo ya kufumia nguo. Kijana alisomea uhandisi Tokyo, akamaliza mwaka 1920, kisha akenda Marekani na Uingereza kutazama viwanda. Mwaka 1929 kampuni ya Kiingereza ya Platt Brothers ilinunua kwa pauni 100,000 haki ya kutengeneza mtambo wa akina Toyoda. Baba alifariki mwaka uliofuata, na mwana akaigeukia motokaa. Lori lake la kwanza lilitoka mwaka 1935, na kampuni ya Toyota ikaundwa 1937.

Alipofungua kiwanda cha Koromo mwaka 1938, alitoa amri iliyowashangaza mafundi: pasiwe na maghala ya kurundika vipande. Kila kipande kifike saa kinapotakiwa na kwa idadi inayotakiwa, kisitangulie wala kisichelewe. Muuza viazi karai wa mtaani kwetu aijua hekima hii. Hukaanga kwa kadiri ya wateja waliosimama, maana vilivyopoa havina mnunuzi. Tena kipande kibovu kikija peke yake huonekana papo hapo. Kikija katika rundo la elfu, aibu hufichika mpaka hasara iwe kubwa.

Vita Vikuu vya Pili vikauvuruga mpango huo. Baada ya vita mambo yakazidi kuwa magumu. Mwaka 1949 biashara Japani ilidorora, magari yakakosa wanunuzi, na kampuni ikawa ukingoni kufilisika. Kiichiro alikuwa ameahidi kwamba hatapunguza wafanyakazi, lakini hali ikamshinda. Mwaka 1950 kukawa na mgomo mrefu, na watu wengi wakaacha kazi. Yeye mwenyewe akajiuzulu mwezi wa Juni, akibeba lawama pamoja nao.

Mwezi huohuo vita vya Korea vikazuka, na jeshi la Marekani likaagiza malori kwa wingi. Kampuni ikapona. Mwenyewe aliombwa arudi kuiongoza, lakini ajali haina kinga: alifariki tarehe 27 Machi, 1952, akiwa na miaka 57. Wazo lake likachukuliwa na Taiichi Ohno, aliyelikamilisha kwa kadi ndogo za kuagizia. Kipande kikitumika, kadi yake hurudi nyuma kuleta kingine.

Hata hivyo, mpango huu wataka jirani mwaminifu na njia iliyo wazi. Mtetemeko wa ardhi wa Japani mwaka 2011 ulipokatiza vipuri, Toyota wenyewe walijifunza kwamba vitu vigumu kupatikana havina budi kuwekewa akiba. Nasi tunaongoja meli Kilindini hatuwezi kuishi bila akiba kabisa. Akiba ina kipimo chake, na kinachozidi kipimo ni israfu.

Siku hizi nina kibanda kidogo. Kila jioni naandika kilichouzwa, na asubuhi naagiza hicho tu kutoka mjini. Rafu zangu ni nyepesi, na wapitao hudhani nimefilisika. Lakini mteja akija, pesa za kumletea anachotaka ninazo mfukoni.