Jack Leslie: Aliitwa England, akakatwa kwa rangi yake

Ukikaa kijiwe chochote cha Kariakoo, iwe Msimbazi au Jangwani, hukosi mzee wa kukukumbusha kwamba Simba iliwahi kuitwa Sunderland, jina la timu ya Uingereza. Basi enzi hizo kule Uingereza kulikuwa na namba 10 mmoja mweusi ambaye wengi wetu hatumjui. Yanga inaanzishwa 1935, yeye ndo anatundika daluga.

Ni Jack Leslie. Alizaliwa Agosti 17, 1901 Canning Town, mashariki mwa London, baba Mjamaika, mama Mwingereza. Alianzia Barking, timu ya ridhaa, kisha 1921 akasajiliwa na Plymouth Argyle, timu ya mji wa bandari iliyokuwa Daraja la Tatu Kusini.

Daraja lile lilikuwa balaa, maana kila msimu ilipanda timu moja tu. Argyle wakamaliza nafasi ya pili misimu sita mfululizo, kuanzia 1921/22 hadi 1926/27. Sita! Shabiki wa hapa angeshachana kadi ya uanachama. Leslie hakuondoka. Yeye na winga wa kushoto, Sammy Black, walijuana kwa kunusa tu, na 1930 wakabeba ubingwa na kupanda. Januari 1932 wakaichapa Manchester United, ndiyo hao hao, 4-1 kwenye Kombe la FA. Mpaka anaaga alikuwa amecheza mechi 401, mabao 137, na unahodha juu.

Sasa kaa vizuri. Mwaka 1925 kocha wake, Bob Jack, alimwita na kumpa habari: unatakiwa England, mechi na Ireland mjini Belfast. Mchezaji wa Daraja la Tatu kuitwa timu ya taifa haikuwa jambo la kila siku, Plymouth nzima ikazizima. Wakati huo England haikuwa na kocha, kikosi kilipangwa na kamati ya wakubwa wa FA. Siku chache baadaye magazeti yakatoa majina. Leslie hayumo, na hakuna aliyemweleza kwa nini. Uzeeni alisimulia kwamba watu wa FA walikuja kumtazama, ila walichotazama ni sura yake, sio mpira wake.

Oktoba 24 England wakatoka 0-0 Belfast. Siku hiyo hiyo Argyle iliifunga Bournemouth 7-2, Leslie katupia mawili. Ulitaka ajibu vipi tena?

Hakuitwa tena maishani. Hadi 1978 ndipo Viv Anderson, beki wa Nottingham Forest, akawa mchezaji mweusi wa kwanza kuichezea England ya wakubwa.

Baada ya soka Leslie alirudi kwenye ufundi wake wa kutengeneza boila. Uzeeni akapata kibarua West Ham, kwenye chumba cha viatu, akisafisha daluga za Bobby Moore na Geoff Hurst, mabingwa wa dunia wa 1966. Mimi hapa ndo pananiuma. Aliyenyimwa jezi ya England anang'arisha viatu vya walioivaa.

Alifariki 1988. Mwaka 2022 sanamu yake ilisimamishwa nje ya uwanja wa Home Park kwa michango ya mashabiki. Mwaka uliofuata FA ikatoa ile kofia wanayopewa wanaoichezea England. Waliipokea wajukuu zake.